Nauli ya Kwenda Kumwona Chura

Kazi ni moja, lakini kila lugha imeipa jina kwa kutazama upande wake. Neno la Waingereza kwa mwandishi asiyeajiriwa na gazeti lolote, freelance, lina asili ya kivita: ni askari wa kukodiwa, mwenye mkuki wake, asiyefungwa na bwana yeyote. Lilienea baada ya Walter Scott kulitumia katika riwaya yake Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa 1819. Wafaransa humwita pigiste. Wao hawakutazama mkuki bali kipimo, kwa kuwa pige ilikuwa hesabu ya wapanga chapa, kiasi cha mistari mtu aliyoipanga kwa muda fulani. Kwa Kiswahili tunasema mwandishi wa kujitegemea, na aliyesoma shule Tanzania atasikia humo mwangwi wa Azimio la Arusha la 1967. Kule kujitegemea kulikuwa sifa ya taifa zima. Haikuwa sifa ya mtu mmoja aliyeachwa apambane na nauli yake.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa chini ya jina hilo la tatu, nikiandika habari za wanyamapori na sayansi kwa magazeti na redio. Kadiri ninavyosoma maisha ya walionitangulia katika nchi nyingine, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali la kwanza la kuuliza kuhusu maandishi yoyote ya wanyama ni hili: nani alilipa nauli? Siulizi ili kumshuku mwandishi. Nauli ndiyo inayoamua atakaa porini siku ngapi, atamsikiliza nani, na kama atarudi tena.

Tuanze Basra, bandari iliyofungamana na pwani yetu kwa kaskazi na kusi karne nyingi kabla ya gazeti la kwanza kuchapwa. Huko aliishi Abu Uthman Amr bin Bahr, ambaye watu walimwita al-Jahiz kwa sababu ya macho yake yaliyotokeza. Alizaliwa karibu na mwaka 776 katika nyumba ya kimaskini. Waandishi wa wasifu wake husimulia kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia, na kwamba yeye mwenyewe ujanani aliuza mkate na samaki kando ya mfereji. Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Hayawan, yaani Kitabu cha Wanyama, kina juzuu saba. Alikitunuku kwa waziri Ibn al-Zayyat, na inasimuliwa kwamba waziri alimpa dinari 5,000. Kitabu kingine alimtunuku mkubwa mwingine, akapata tuzo nyingine.

Tuzo ya namna hiyo ilizaa uandishi wa aina yake. Al-Jahiz hana haraka. Mjadala wake wa mbwa na jogoo, yupi bora, unachukua kurasa nyingi mno; katikati yake anaingiza mashairi, visa vya mabedui, habari za tabibu, kisha anarudi kwa mbwa kana kwamba hakuondoka. Anauliza wawindaji na wachinjaji. Anamsoma Aristotle kwa heshima, na anapoona hoja haisimami anasema haisimami. Mabaharia anawatilia shaka, kwa kuwa aliona wanapenda maajabu kuliko ukweli, na maajabu yakizidi ndivyo wanavyoyafurahia. Msomaji wa Unguja au Lamu, aliyekulia kwenye hadithi za mabaharia hao hao, anaweza kuona kwamba bwana huyu aliwaonea kidogo. Hata hivyo kanuni yenyewe ni ile ninayoitumia leo: pima maneno kwa kumtazama msemaji, anataka nini kwako.

Hatari ya tuzo ni kwamba ina uso wa mtu. Ibn al-Zayyat alipoanguka na kuuawa mwaka 847, al-Jahiz alitoroka, akakamatwa, akaletwa kwa minyororo mbele ya kadhi aliyekuwa hasimu wa marehemu. Akasamehewa, na baadaye alitunuku kitabu kwa kadhi huyo.

Sisi hatuna mawaziri wa kututunza, lakini tuna wafadhili. Tanzania ina chama cha waandishi wa habari za mazingira, JET, kilichoanzishwa 1991; tangu 2004 upo pia mtandao wa kimataifa wa Earth Journalism Network, ambao huwapa waandishi ruzuku na mafunzo. Bila ruzuku za aina hii, makala nyingi ninazozionea fahari, zangu na za wenzangu, zisingeandikwa, maana malipo ya makala moja gazetini hayajawahi kunifikisha Iringa na kunirudisha. Wafadhili wa leo pia wana ubora mmoja juu ya yule waziri: ofisi yao ikifungwa, mwandishi hahitaji kukimbia mji.

Lakini iko tofauti ambayo nimeifikiria sana. Dinari zilikuja baada ya kitabu. Ruzuku huja kabla ya safari. Al-Jahiz aliandika alichokikuta, akakipeleka kwa mkubwa. Mimi, kabla sijamwona mnyama, nimeshaeleza kwenye andiko la mradi nitakachokikuta, watu wangapi nitawahoji, na wasomaji watabadilika vipi baada ya kusoma. Nikifika kijijini na kukuta kwamba jambo lenye uzito ni lingine kabisa, naanza kubishana na karatasi yangu mwenyewe.

Na magazeti je? Yanalipa kwa habari, na habari maana yake ni tukio. Mnyamapori huingia kwenye gazeti la Kiswahili kwa milango mitatu hivi: jangili amekamatwa, watalii wameongezeka, tembo wamevamia mashamba. Mlango wa tatu siudharau hata kidogo. Serikali ya Tanzania inapomlipa mkulima ambaye mazao yake yameliwa, malipo hayo huitwa kifuta jasho. Mtu akijeruhiwa au kuuawa, huitwa kifuta machozi. Sijui lugha nyingine iliyoyapa malipo ya namna hiyo majina yenye huruma na ukweli kiasi hicho, kwa kuwa jina lenyewe linakiri kwamba hasara hailipiki. Inafutwa tu usoni. Mwandishi wa London anayemsifu tembo bila kujua maneno hayo mawili amemwona tembo nusu. Na sisi tunaoandika hayo mawili pekee tumemwona nusu ya pili.

Mfano mzuri wa nusu hizo ni chura wa Kihansi.

Korongo la Kihansi liko kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 1996, mradi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza, watafiti walimkuta pale chura wa manjano asiyefika sentimita tatu, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko, katika eneo la hekta chache tu. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai. Hajapatikana mahali pengine popote duniani. Mwaka 2000 mtambo ulipoanza kazi, sehemu kubwa sana ya maji iligeuzwa, manyunyu yakakatika, na mwishoni mwa mwaka huo vyura karibu 500 walipandishwa ndege kwenda Bronx Zoo, New York. Kule korongoni iliwekwa mifereji ya kunyunyiza maji. Idadi ikapanda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka ghafla. Ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka uliofuata vyura 100 walirudishwa nchini, wakatunzwa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye juhudi za kuwarejesha korongoni zikaanza.

Marekani kisa hiki kilisimuliwa kama uokoaji: visanduku vya kioo, unyevu unaopimwa, wahudumu wanaolea kiumbe kidogo kuliko sarafu. Hapa kwetu kilisimuliwa kama hesabu ya umeme. Bwawa lina uwezo wa megawati 180, nyumba zilikuwa gizani kwa mgao, na watu waliuliza kwa haki kabisa kwa nini maji na fedha viende kwa chura. Masimulizi yote mawili ni ya kweli, na kila moja linaheshimu jambo ambalo lingine halilioni. Ila katika niliyoyasoma, ya huku na ya kule, sehemu ya katikati ndiyo nyembamba: miaka ile mitatu ambayo vyura walipanda na kushuka wakati maji yalikuwa yamesharudishwa kwa mifereji, ambayo ndiyo hasa sayansi yenyewe. Sehemu hiyo huandikwa na mtu anayerudi mahali pamoja mara tano. Nilipompelekea mhariri mmoja wazo la kwenda Kihansi, aliniuliza kuna tukio gani huko. Kwamba chura yu hai halikuhesabiwa kuwa tukio.

Nilipata faraja baadaye kusoma kwamba Rachel Carson, mwandishi wa Marekani, naye aliambiwa hapana. Mwaka 1945 alilipendekezea jarida la Reader's Digest makala kuhusu majaribio ya dawa ya kuua wadudu, DDT, na madhara yake kwa viumbe. Jarida halikuitaka. Wakati huo alikuwa mtumishi wa idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia samaki na wanyamapori, akiandika makala zake nje ya saa za kazi. Kitabu chake cha kwanza, cha 1941, hakikununuliwa sana. Cha pili, The Sea Around Us cha 1951, kilinunuliwa mno, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya serikali. Basi yeye alijitegemea kwa njia ya tatu, ambayo haikuwa tuzo wala ruzuku: senti ya kila msomaji. Wazo lililokataliwa 1945 likatoka 1962, kwanza kwa mfululizo katika The New Yorker, kisha kitabuni kwa jina la Silent Spring, likiwa na kurasa zaidi ya 50 za vyanzo. Kampuni za kemikali zilipomshambulia, hapakuwa na mwajiri wa kupigiwa simu ili amnyamazishe.

Al-Jahiz na Carson wanafanana kwa jambo moja, kwamba kila mmoja alipata nafasi ya kuandika kwa urefu. Wanatofautiana kwa namna walivyoutumia. Urefu wa Basra unatanda kama mafuriko, unapita kila mlango. Urefu wa Carson ni kama mwendesha mashtaka anayepanga ushahidi. Kila ukurasa unaelekea hukumu. Na hapa mwandishi wa Kiswahili anapaswa kuwa mwangalifu, kwa kuwa DDT ina historia nyingine huku. Zanzibar, kuanzia miaka ya mwisho ya 1950 hadi 1968, ilipuliziwa ndani ya nyumba katika kampeni ya kutokomeza malaria, na malaria ikashuka sana. Kampeni iliposimama, ikarudi. Mama wa Unguja wa zama hizo alikuwa na sababu ya kuishukuru dawa ile ile ambayo mkulima wa Marekani aliimwaga kwa ndege juu ya mashamba. Carson mwenyewe hakudai kwamba viuatilifu vyote vipigwe marufuku, na alionya kwamba wadudu huzoea dawa inayotumiwa ovyo. Anayemleta kwetu kama adui wa vita dhidi ya mbu hajamsoma, na anayemleta kama malaika asiye na muktadha hajaisoma Zanzibar.

Wafaransa, kwa upande wao, walilijibu swali la nauli kwa sheria. Tangu Julai 1974 pigiste wa kitaaluma huhesabiwa kisheria kuwa mwajiriwa mpaka ithibitike vinginevyo, na hivyo ana haki ya hifadhi ya jamii. Ni jibu la nchi inayoamini kwamba uhuru wa kalamu huanza na bima ya afya. Nalionea wivu.

Lakini mwandishi ninayemrudia mara nyingi zaidi ni wa Madras. M. Krishnan alizaliwa 1912, mtoto wa mwandishi wa riwaya A. Madhaviah. Alifanya kazi katika dola dogo la Sandur, na dola hilo lilipounganishwa na India huru aliweza kupata ajira serikalini. Akaikataa. Tangu hapo aliishi kwa kuandika, kuchora na kupiga picha, kwa kamera aliyoiunganisha mwenyewe kutokana na vipande vya kamera nyingine. Mwaka 1950 alianza safu ya kila wiki mbili katika gazeti la The Statesman la Calcutta, akiiandika kutoka Madras, na aliiendeleza kwa miaka 46. Safu yake ya mwisho ilitoka siku aliyofariki, 18 Februari 1996.

Safu ni kitu kidogo, na malipo yake ni madogo. Ila ina kitu ambacho tuzo, ruzuku na hata kitabu havina: haidai tukio. Mwandishi mwenye safu ya kila wiki mbili anaweza kuandika juu ya mjusi wa ukutani, mbuzi wa jirani, au ndege ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemtazama. Tena analazimika kufanya hivyo, kwa sababu wiki mbili zikifika lazima aseme kitu. Kutoka kwenye ulazima huo mdogo huzaliwa mazoea ya kutazama, na kwa miaka 46 mazoea hayo yanakuwa elimu ambayo mtafiti wa miaka mitatu hawezi kuipata. Nyumba haikuwa mbali na kazi, kwa hiyo nauli ya Krishnan mara nyingi ilikuwa hatua chache hadi uani.

Krishnan alitetea kwa ukali mimea na wanyama wa asili ya India, na hakupenda wageni waliopandikizwa. Msimamo huo huwa naukumbuka nikiwa Dar es Salaam au Mombasa, kwa sababu ya kunguru. Yule kunguru mwenye shingo ya kijivu anayetunyang'anya chapati barazani ni mzaliwa wa India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili asafishe takataka mjini, na kutoka hapo akaenea pwani nzima. Anakula makinda na mayai ya ndege wetu. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja. Ndege huyo mmoja, katika mji wa Krishnan, ni mwenyeji mwenye haki zote za ujirani. Ng'ambo ya bahari hiyo hiyo ni mvamizi anayetegewa sumu. Hakujichagulia safari, kama ambavyo wengi waliovuka Bahari ya Hindi hawakujichagulia. Ukimwandika kunguru kwa makala moja ya tukio, utaandika sumu na idadi. Ukiwa na safu, wiki hii utaandika sumu, wiki ijayo kunguru mwenyewe, akili yake, namna anavyozikumbuka sura za watu, na ya tatu utamwandika shore aliyetoweka mtaani kwako. Wasomaji watapata ndege mzima.

Sisi tulikuwa na nafasi ya safu ya namna hiyo, na kwa sehemu kubwa tuliiacha kwa Kiingereza. Chama cha wanyamapori cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1961, kilipata jarida zuri na kulipa jina la Swara. Jina ni la Kiswahili, kurasa ni za Kiingereza. Sisemi hivyo kwa lawama. Jarida hilo limefanya kazi kubwa, na wasomaji wake walikuwa wale waliolilipia. Asiyekuwepo na lake halipo, nasi kama wasomaji hatukuwepo.

Kuwepo kuna gharama yake, na gharama hiyo niliijua kwa mbwa mwitu. Jina lenyewe ni mtihani. Katika Biblia ya Kiswahili mbwa mwitu ni yule mnyama wa Ulaya na Asia anayenyemelea kondoo, ambaye nchini mwetu hayupo. Wetu ni mwingine, mwenye mabaka meusi, meupe na ya kahawia na masikio ya duara. Wanakadiriwa kubaki takriban 6,600 barani kote, na Ruaha na Selous ni miongoni mwa ngome zao kubwa. Kwa hiyo kila ninapomwandika kwa Kiswahili, amekwisha kuhukumiwa kwa makosa ya mwenzake kabla ya sentensi ya kwanza. Mwandishi wa Kiingereza hana mzigo huo. Ana mzigo mwingine, wa kumfanya apendeze ili achangiwe fedha.

Makala hiyo niliiandika mara mbili. Ya Kiingereza niliiuza nje, ikanilipa mara kadhaa zaidi. Ya Kiswahili ilisomwa redioni. Katika zote mbili nilikuwa nimenukuu taarifa ya ofisi moja kwamba mbwa mwitu walivunja zizi usiku wa manane wakaua mbuzi. Ile ya Kiingereza ilipita kwa wahariri wawili bila swali. Ile ya Kiswahili, siku ya pili, nikapigiwa simu na mzee mfugaji wa karibu na Ruaha, aliyepewa namba yangu na watu wa redio.

“Shikamoo mzee,” nilisema.

“Marahaba mwanangu. Umesema vizuri, lakini umesingizia mtu. Wale hawatembei usiku wa manane. Wale ni wa alfajiri na wa jioni, wakati jua linaona. Usiku ni fisi. Umeyaona makucha kwenye zizi?”

Sikuwa nimeyaona. Niliangalia utafiti jioni ile, na mzee alikuwa sahihi: mbwa mwitu huwinda zaidi mapambazuko na magharibi, na usiku ni hasa pale mwezi unapoangaza. Niliomba redio isahihishe, ikasahihisha. Nikaandika pia kwa wale wa Kiingereza, nao wakasahihisha, kwa adabu, kwa ajili ya wasomaji ambao hakuna hata mmoja kati yao angeweza kunipigia simu ile.

Al-Jahiz alikwenda kwa wawindaji, akarudi na maneno yao kwa watu wengine. Carson aliwasikiliza wataalamu, akawaandikia raia. Krishnan alitazama uani kwake, akaandika kwa mji ulio mbali. Katika Kiswahili, kwa kuwa kinafika kwenye zizi lenyewe, shahidi na msomaji wanaweza kuwa mtu mmoja, mwenye redio begani na fimbo mkononi. Yeye ni mhariri mkali kuliko wote niliowahi kuwafanyia kazi, na halipi.

Kabla hajakata simu aliniambia niende masika yakiisha, nikae wiki mbili, nisiwe wa siku moja kama wale wanaokuja na magari. Nimeanza kuweka akiba: basi hadi Iringa, kisha gari la mnadani hadi kijijini kwake, na unga wa wiki mbili, maana maziwa, alisema, yapo.